Kabla hujatoa hela ya mbwa, ulizia mama yake

Tulikutana sheli. Ndo ilivyo siku hizi, mbwa ananunuliwa sheli kama simu ya wizi, unapaki pembeni pale kwenye kujazia upepo, jamaa anafika na bodaboda kapakata boksi la biskuti limetobolewa matundu manne kwa bisibisi, anafungua, mle ndani kuna kitu cheusi na kahawia kimejikunja kinatetemeka, anakwambia "German pyua huyo bro, babu yake alikuwa mbwa wa polisi." Nikamuuliza ana wiki ngapi, akasema nane. Kachanjwa? Kachanjwa zote. Kadi? Kadi iko kwa dokta, nitakurushia WhatsApp. Nikahesabu 250,000, nikampa na ya boda juu, nikarudi zangu Kinyerezi na mjukuu wa polisi mapajani.

Siku ya tatu akaacha kula. Siku ya nne akaanza kutapika povu la njano, jioni akaharisha damu, na ile harufu nakwambia ukishaisikia mara moja huisahau, ni ya kitu kilichooza wakati mwenyewe bado anapumua. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo, akaangalia magego, akatikisa kichwa, akasema kaka huyu wiki sita hajafikisha, ulimtoa wapi? Nikaona aibu kusema sheli. Tukamtundikia dripu. Alikufa alfajiri ya siku ya sita, mimi nimeshatumia kwenye sindano na dripu hela inayokaribia bei ya mbwa mwenyewe, na ile kadi ya chanjo mpaka leo naisubiri WhatsApp.

Wahenga waliongelea kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi niliuziwa mbwa kwenye boksi, na boksi lilikuwa wazi kabisa. Niliangalia masikio, nikaangalia makucha, nikaangalia rangi ya mgongoni kama fundi anayekagua gari Tandale, nikauliza babu yake nani. Swali moja tu sikuuliza: mama yake yuko wapi? Nimekuja kugundua kwamba biashara hii yote, ya hapa Dar, ya Nairobi, ya Uingereza, ya Marekani, imejengwa juu ya hilo swali kutokuulizwa. Ukiliuliza na ukakazania jibu, nusu ya wauzaji wanapotea hewani. Hiyo ndo hoja yangu, mengine yote yanayofuata ni kuielezea tu.

Mama nilikuja kumuona. Wiki kama mbili baadaye nikakutana na yule dereva boda kijiweni, huyu hakuwa muuzaji, alikuwa analipwa nauli tu, nikamwambia mbwa alikufa, akasema "we wa tatu kuniambia hivyo mwezi huu", akanipeleka. Nyuma ya pagale, banda la mabati yaliyotumika, saa saba mchana jua la Dar unalijua mwenyewe. Ndani kuna jike kafungwa mnyororo mfupi kiasi kwamba akitaka kugeuka inabidi arudi kinyumenyume, chuchu zinaburuza karibu na sakafu, mbavu unahesabu, nyuma ya viwiko hana manyoya kabisa, ngozi ngumu kama soli ya kandambili kwa kulalia zege. Maji yapo kwenye ndoo ya rangi, ya kijani. Banda la pili wengine watatu, mmoja ana mimba tumbo limeshuka. Kijana anayewalisha alikuwa anakoroga uji wa pumba na vichwa vya dagaa, mwenye mali hakuwepo, hakai hapo. Yule jike alipotuona hakubweka. Alitingisha mkia, ule mnyororo ukawa unagonga bati, kwa kwa kwa kwa, mpaka tulipoondoka.

Sasa tuongee hesabu, maana watu wanadhani ukatili huu ni wa watu wenye roho mbaya. Hapana, ni hesabu tu. Jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni siku 63 hivi, aina kubwa kama German Shepherd anaweza kuzaa watoto saba, nane, hata zaidi kwa mpigo. Chukua nane mara 250,000 ni 2,000,000. Akipandishwa kila joto, kwa mwaka ni kama 4,000,000 kwa jike mmoja, na wewe unao wanne. Hapo ndo kila kitu kinachomfaa mbwa kinageuka kuwa gharama inayokula faida: chanjo gharama, dawa ya minyoo gharama, nyama gharama, kumpumzisha jike joto moja ni kutupa milioni mbili. Na gharama kubwa kuliko zote ni muda. Mtoto wa mbwa mpaka wiki ya nne anakula kwa mama yake bure, akianza kula mwenyewe anakula kwelikweli, wanane wanamaliza sufuria. Kwa hiyo wiki ya tano ndo wiki ya kuuza, mzuri, mnene wa maziwa, macho yanang'aa, hajaanza kula hela ya mtu. Anaitwa wa wiki nane, na nani atabisha?

Ila wiki hizo tatu zilizoibiwa ndo zilizomuua wangu. Mtoto anapata kinga kwenye maziwa ya mwanzo ya mama, kama mama mwenyewe alichanjwa, ile kinga inapungua taratibu wiki hadi wiki, na chanjo ndo inaanza kuingia kuanzia wiki ya sita mpaka nane halafu inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Mama asipochanjwa hakuna cha kurithi. Parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu uliomuua wangu, ni mpya kiasi, dunia ilianza kuuona 1978 na ndani ya miaka miwili ukawa umeshaenea duniani kote, kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi hata mwaka, hakifi kwa sabuni ya kawaida, kinaogopa jiki. Kwa hiyo banda likishaingia parvo kila uzao unaozaliwa pale unazaliwa juu ya ugonjwa, na dalili zinatokea baada ya siku kama tatu mpaka saba, yaani wakati huo mbwa keshakuwa kwako, muuzaji anakwambia "mi nilikupa mzima bro, wewe umemlisha nini?" Yule dokta alinipa ushauri ambao haukunifurahisha: nisilete mtoto mwingine wa mbwa kwenye uwanja ule kwa mwaka mzima.

Na wale wasiokufa nao wana yao. Kuanzia wiki ya tatu mpaka ya kumi na mbili hivi ndo mbwa anajifunza dunia, anajifunza kwa mama na ndugu zake kwamba ukiuma kwa nguvu mwenzio analia na mchezo unaisha, anazoea watu, watoto, sauti za pikipiki. Ukimtoa wiki ya tano kwenye banda la giza ukamfungia kwenye banda lingine la giza kwako, ukamfungulia usiku tu, baada ya mwaka una mbwa muoga. Watu wanachanganya sana hapa, mbwa muoga wanamuita mkali. Muoga anauma mtoto wa jirani aliyeinama kuokota mpira, halafu mwizi akirusha kipande cha nyama anakula na kulala.

Wazungu hili wameanza kulipigia kelele kitambo na hawajalimaliza, tusidanganyane. Uingereza kuna jike mmoja wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, aliitwa Lucy, aliokolewa 2013 kwenye shamba la kuzalisha mbwa huko Wales baada ya miaka kama mitano ya kuzalishwa mfululizo. Nyonga zake zilikuwa zimegandana kwa kukaa kwenye kizimba, uti wa mgongo umepinda, manyoya yametoka, ana kifafa. Alikufa Desemba 2016. Daktari wa wanyama mmoja wa Brighton, Marc Abraham, alikuwa ameshaanza kampeni miaka ya nyuma, wakaipa sheria jina la huyo mbwa, na ikaanza kazi England tarehe 6 Aprili 2020, Scotland na Wales wakafuata 2021. Kiini chake ni kile kile swali langu la sheli: mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita haruhusiwi kuuzwa na dalali wala duka, unamnunua kwa aliyemzalisha mwenyewe, pale alipozaliwa, na mama yupo unamuona, la sivyo nenda ukachukue kwenye kituo cha wanyama waliookolewa. Basi. Hawakusema kufuga ni dhambi wala kuuza mbwa ni kosa. Wamemtoa tu mtu wa katikati, yule mwenye boksi, maana wamejua giza lote liko hapo. Kanuni zao za leseni nazo zinasema jike asipandishwe kabla ya miezi 12, asizae zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, akishazaa mara sita imetosha, akishazaa kwa kupasuliwa mara mbili imetosha.

Na janja janja haikuisha. Wauzaji wakaanza kuazima mama! Yaani unafika nyumba safi, zulia, sofa, jike mpole kalala pembeni ya watoto ambao si wake, ameletwa kwa ajili ya wewe mnunuzi uone roho itulie. Ukiangalia vizuri chuchu hazina maziwa, watoto hawamfuati. Binadamu bwana.

Marekani nao walitunga sheria yao ya wanyama 1966, wazalishaji wakubwa wanakaguliwa na wizara ya kilimo, wana leseni, wana karatasi. Unajua kizimba halali kinapimwaje? Pima mbwa kuanzia pua mpaka shina la mkia, ongeza inchi 6, zidisha hiyo kwa hiyo yenyewe, hapo ndo sakafu yake, na juu ya kichwa inchi 6 nyingine. Kizimba cha namna hiyo ni halali kabisa, mwenye mali hajavunja kipimo chochote. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nina leseni" mwambie hongera, mama yuko wapi? Kuna majimbo yameamua kufunga mlango wa mbele badala yake, California tangu 2019 maduka hayauzi mbwa wa wazalishaji kabisa, New York wakafuata mwishoni mwa 2024.

Halafu kuna hili la "pyua", yaani mbwa wa damu isiyochanganywa, ambalo ndo linaniuma zaidi kwa sababu na mimi nililitamka pale sheli kwa mdomo wangu. Sisi tunadhani pyua maana yake mzima. Hawa vijibwa vya pua bapa unavyoviona kwenye simu, French Bulldog, Pug, English Bulldog, watu wanavipenda kwa kuwa sura kama ya mtoto, French Bulldog mwaka 2022 ndo aliongoza kwa kusajiliwa Marekani akimpiku Labrador aliyekuwa namba moja miaka 31. Ule mkoromo mnaousifia kwamba kyut ni mnyama anayetafuta hewa, pua imefupishwa kizazi hadi kizazi lakini nyama za ndani ya koo hazikufupishwa nazo, zimejaa humo. Utafiti uliofanywa Uingereza ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa Bulldog na French Bulldog ni wa kupasuliwa, kichwa cha mtoto hakipiti kwenye nyonga ya mama. Hebu fikiria aina nzima ya mnyama ambaye bila kisu haendelei kuwepo duniani. Uholanzi tangu 2019 wanapima, mdomo ukiwa mfupi kuliko theluthi moja ya fuvu hupandishi. Norway ikafika mpaka Mahakama ya Juu, Oktoba 2023 ikathibitisha kwamba kuzalisha Cavalier kwa mtindo uliopo kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Huyo huyo Cavalier, ndugu yake Lucy. Sasa wewe unamleta Dar, nyuzi joto 33, unyevu wa kumwaga, umeme wenyewe wa luku unakatika feni inazima, unamfungia kwenye banda la bati. Huko si kumfuga.

Na ukienda upande wa pili, machotara wa makusudi, nako yule yule. Kuna mzee mmoja wa Australia, Wally Conron, 1989 alikuwa anafanya kazi kwenye chama cha mbwa wa kuongoza vipofu, mama mmoja kipofu wa Hawaii akaomba mbwa ambaye hatamletea mume wake mzio wa manyoya, Conron akajaribu poodle 33 ndani ya miaka mitatu hakuna aliyefaa, akampandisha Labrador na poodle. Mmoja kati ya wale watoto watatu akafaa. Ila watoto wenyewe mwanzoni hakuna aliyetaka kuwalea, machotara hao nani ana shida nao, mpaka alipowatungia jina, Labradoodle, simu zikaanza kulia. Mbwa ni yule yule, kilichobadilika ni jina! Miaka thelathini baadaye, 2019, alisema hadharani kwamba hilo ndo jambo analolijutia maishani, kwa sababu alifungulia mlango wazalishaji uchwara wanaochanganya chochote na chochote ilimradi kina jina. Huku kwetu jina linafanya kazi hiyo hiyo. Nairobi ni Japanese Spitz, kila nyumba ya wenye nacho unamkuta yule mweupe kama pamba. Dar ni German, Rottweiler, na sasa Boerboel kutoka Afrika Kusini, mwenye shingo kama ya ndama.

Soko letu lakini lina kitu chake, na hapa naona wachambuzi wengi wanaochukua hoja za Ulaya nzima nzima wanakosea. Kule wananunua upweke na urembo, sisi tunanunua woga. Mtu kajenga Goba, ukuta haujapigwa plasta, fedha imeisha, jirani yake kavunjiwa wiki iliyopita, anachotaka ni kibao cha MBWA MKALI getini na kitu cha kukipa nguvu hicho kibao. Hana kosa. Na muuzaji anajua, ndo maana anakutajia polisi. Ukimwambia mtu huyo habari za nyonga za Cavalier anakuona umechanganyikiwa. Lakini ukimwambia German aliyezalishwa ndugu kwa ndugu, baba na binti, anaweza kuharibika nyonga akiwa na miaka miwili tu akawa anajiburuza huku mwizi anaruka ukuta, anakusikiliza. Nyonga kulegea ni ugonjwa unaojulikana kabisa kwa German Shepherd, unarithiwa, wazalishaji makini wanapiga eksirei wazazi kabla ya kuwapandisha. Waulize wa sheli kama wamewahi kuiona hiyo eksirei.

Na huyu mnayemuita koko, mtoto wa hapa hapa, masikio yamesimama, mkia umekunja, asiyejulikana babu yake, anabweka kuliko wote, anakula ugali wa dona na maisha yanaenda, joto analijua, kupe anawajua, hakuna aliyemchagulia pua. Dharau tuliyonayo kwa huyu mbwa siielewi. Mwenye koko aliyechanjwa akashiba na akalala pakavu ana mlinzi mzuri kuliko mimi niliyepeleka laki mbili na nusu sheli.

Kuna watakaosema watoto wa watu wanalala njaa wewe unalilia mbwa. Nilikuwa nasema hivyo mimi mwenyewe. Nimekulia Tanga kwenye nyumba ambayo mbwa hakanyagi kizingiti, na mwalimu wetu wa madrasa huyo huyo aliyetufundisha kuosha chombo alicholamba mbwa ndiye aliyetusimulia habari ya aliyemkuta mbwa anakufa kiu, akateka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Hayo mawili hayagongani. Ila hata ukiweka huruma pembeni kabisa, hili ni la watu pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, asilimia 99 ya wanaoambukizwa wanaambukizwa na mbwa, kati yao kuna watoto wengi, na wengi wako Afrika na Asia, Tanzania peke yake makadirio yanayotajwa ni kama 1,500. Dawa inajulikana: chanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakatika. Sasa weka kwenye hesabu hiyo mabanda yanayomwaga watoto wasiochanjwa mitaani kila baada ya miezi sita, na wale waliokua wakaonekana si pyua kama ilivyosemwa, wakafunguliwa geti usiku waende wanakojua wenyewe. Hao koko tunaowalaani wengine ni wajukuu wa polisi vile vile.

Na tusisahau Serengeti. Mwaka 1994 simba walianza kutetemeka, kuanguka, kufa, wakafa kama 1,000, theluthi moja ya simba wote wa pale, ulikuwa ni ugonjwa wa mbwa, distempa, na ushahidi ukaelekeza kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Distempa ipo kwenye sindano ile ile ya parvo ambayo kadi yake naisubiri. Yaani sindano ambayo jamaa aliona itamlia faida, wasipochomwa mbwa wa kutosha ugonjwa wake unaweza kumfuata simba porini.

Sheria zipo, tusiseme hazipo. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama Namba 19 ya 2008, inakataza ukatili. Kenya wana Sura ya 360 ya kuzuia ukatili kwa wanyama, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 60, na wana KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoanza 1910, wakongwe kuliko serikali yenyewe. Ila wewe uliwahi kuona mkaguzi anagonga geti la mfuga mbwa mtaani kwenu? Mimi namuona mtu wa ushuru wa taka, namuona mtu wa kodi ya jengo, wa mbwa sijamuona. Na simlaumu sana afisa mifugo wa kata, ana kuku, ana ng'ombe, ana pikipiki isiyo na mafuta. Ndo maana nasema mpaka hiyo siku ifike, mkaguzi ni mnunuzi. Hela yako ndo ukaguzi.

Na hapa nije kwenye kitu kigumu, ambacho kinanipa ugomvi na mke wangu mpaka leo. Siku ile kule pagale yule kijana alituonyesha mtoto mmoja aliyebaki, mdogo kuliko wenzake, macho yana matongo, akasema toeni 80,000 mchukueni tu. Mke wangu alipoona picha akaniambia ungemchukua, ungemwokoa. Sikumchukua. Kwa sababu ile 80,000 isingeenda kwa mtoto, ingeenda kwa mwenye banda kumwambia kwamba hata mgonjwa analipa, hata wa kutupa ana bei, na yule jike mwenye mnyororo angepandishwa joto linalofuata kwa hela yangu ya huruma. Huruma ndo mteja wao wa mwisho, akishapita mwenye tamaa ya pyua, akishapita muoga, anakuja mwenye huruma anafagia waliobaki. Nilipiga picha nikampelekea afisa mifugo, nikarudi nyumbani na yule mtoto simjui aliishia wapi, sijawahi kulala vizuri kwa uamuzi ule na bado naamini ulikuwa sahihi.

Jirani yangu, mzee wa makamo, dereva wa malori ya Tunduma, mwezi uliopita akaja ananiambia babu, kuna kijana kaniahidi Rottweiler, tunakutana naye sheli Jumamosi. Nikacheka mwenyewe. Nikamwambia mzee wangu, mpigie muulize kama tunaweza kwenda kumuona mama. Akapiga, akaweka spika. Mama yuko shamba Kibaha. Tutakwenda Kibaha, si mbali. Ah, mama aligongwa na gari juzi. Pole sana, basi tuone kaburi. Simu ikakatika, mzee akaniangalia.

Jumamosi hiyo hiyo tukaenda kwa bibi mmoja Mbezi ambaye nilielekezwa na yule dokta wangu, ana majike wawili tu. Tulimkuta jike kwenye baraza, kivulini, akatuungurumia kwanza, akaja akanusa viatu vya mzee mpaka akaridhika, watoto wakatoka chini ya kiti wanamfuata nyuma kama vifaranga, mmoja anamng'ang'ania chuchu huku anatembea. Kadi ya mama ya chanjo ikaletwa, ina mafuta ya chapati pembeni. Bei juu kuliko ya sheli kwa laki nzima. Bibi akamhoji mzee maswali mengi kuliko aliyohojiwa siku ya kuposa, nyumbani kuna watoto, uwanja umezungushiwa, ukisafiri Tunduma nani anamlisha, halafu akasema sawa, ila hawa wana wiki tano tu, njoo baada ya wiki tatu nimeshawachoma sindano ya kwanza.

Tuko njiani kurudi, mzee kanuna.

"Wiki tatu zote hizo," anasema, "na mimi kibao nimeshakitundika getini."